Mdomo wa Shangazi Nyawira

Harufu ya karatasi iliyolowa hunikosesha utulivu hadi leo. Hunirudisha kwenye masika nilipokuwa na miaka kumi, nyumbani kwetu Ruring'u, pembezoni mwa mji wa Nyeri, mvua iliponyesha mfululizo, ukungu ukawa unakaa hadi saa tano asubuhi na nguo zikakataa kukauka. Nyanya yangu, tuliyemwita Cucu, alikuwa amehamia kwetu kutoka Wamagana baada ya magoti kumshinda kupanda mteremko wa shamba lake la kahawa. Alikuja na vitu vichache, na kimojawapo kilikuwa picha ya bintiye, shangazi yangu Nyawira, aliyefariki akiwa msichana wa miaka kumi na sita kabla sijazaliwa. Hakuwa na picha nyingine. Cucu aliitundika sebuleni, na kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani alifunga kilemba chake akiitazama.

Masika yale kuvu iliingia ndani ya fremu. Niliona madoa yakimpanda Nyawira shingoni nikadhani nitamsaidia. Siku moja Cucu alipotoka, nilifungua fremu, nikachovya kitambaa kwenye maji ya sabuni, nikapangusa. Madoa yalitoka. Mdomo na kidevu navyo vikatoka, vikabaki kitambaani kama uji wa kijivu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nilijaribu kuyazoa: niliipepea picha kwa daftari, nikaipuliza mpaka nikaona kizunguzungu. Mama alinikuta hapo. Hakunichapa, na hilo lilinitia hofu zaidi. "Usimwambie Cucu," alisema. "Tutaitengeneza." Cucu aliporudi aliambiwa fremu imeoza, imepelekwa kwa seremala.

Tuliipeleka mjini kwa Bwana Barasa, mtu wa Bungoma aliyekuja Nyeri na mkewe mwalimu, akafungua kibanda cha kutengeneza picha kwa kompyuta. Aliingiza picha kwenye kompyuta, akafuta mikunjo na madoa moja baada ya jingine. Alipofika mdomoni akaacha. "Hapa hakuna kitu, mama. Siwezi kurudisha kitu haiko." Kisha akanitazama. "Huyu mtoto wanafanana?" Mama alikubali kwamba watu husema hivyo. Nikaketishwa kwenye stuli, nikapigwa picha, na mdomo wangu ukapandikizwa kwenye uso wa marehemu. Siku nne za kungoja sikuweza kukaa. Nilikuwa kiguu na njia kati ya jikoni na lango, chakula kikinishinda, huku Cucu akiuliza kama miti ya fremu hiyo bado inapandwa.

Picha ilipokuja aliishika kwa mikono miwili. "Msichana mrembo," alisema kwa Kikuyu, akaiweka mezani. "Lakini si Nyawira." Nilisema yote kabla Mama hajanizuia: kitambaa, sabuni, mdomo. Cucu aliomba viatu vyake.

Kibandani aliketi karibu na kioo cha kompyuta hata pumzi yake ikakitia ukungu. "Hii mdomo si yake," alimwambia fundi.

"Ilikuwa aje, Cucu?"

"Alivunjika jino hapa mbele, akikimbiza ndama. Kwa hivyo alikuwa anacheka amefunga mdomo, lakini kicheko inatoka huku kando."

"Hivi?"

"Punguza."

"Na hivi?"

"Hapo sasa amekasirika."

Kazi hiyo ilichukua alasiri tatu. Nyumbani jina la Nyawira halikutajwa, lakini pale nilisikia kwamba aliigiza sauti ya katekista mpaka babu akatoka nje kucheka, na kwamba aliogopa ng'ombe ilhali ndiye aliyewakamua. Siku ya tatu Cucu aliweka kiganja mezani. "Wacha hapo. Usiguse tena." Machozi yalimtoka, naye hakuyapangusa. Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Ungenieleza siku ile ile, ningekuja mapema."

Leo kazi ile hufanywa na simu kabla chai haijapoa. Mwezi uliopita binamu yangu alipata ile picha ya kwanza iliyoharibika, akaipa programu fulani, nayo ikamrudishia Nyawira anayetabasamu kwa mdomo wazi, meno meupe yamepangana kama mahindi machanga. Jamaa zetu wote waliisifu kwenye kikundi cha familia. Nilimpigia simu nikamweleza habari ya jino. "Kwani sasa nani atajua?" aliuliza, bila ubaya wowote. Cucu amekwisha kutangulia akazikwa na picha ya Bwana Barasa, wanawe nao wamemfuata, Mama hakuwahi kumwona Nyawira, na Bwana Barasa alirudi kwao zamani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiinuka kwenye kiti na kuketi tena, mpaka nikachukua kalamu niandike haya, watoto wetu wasije wakayazoea yale meno.