Picha ya Wino Niliyoiuza Mikumi

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka hata sasa ninapochoka kiasi cha kusahau jina la jirani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mitumba imejaa sokoni Kilosa na mashamba ya mkonge yanafungwa moja baada ya jingine. Baba alirudi nyumbani bila kazi. Mimi, binti wa miaka ishirini, nikawa mchuuzi wa picha.

Mchoraji alikuwa Mzee Kibwana, jirani yetu pale Mabwerebwere, zamani karani wa shamba. Ofisi ilipofungwa aliondoka na chupa za wino zilizobaki, akawa anachora tembo na twiga. Mimi nikawa napanda basi kwenda Mikumi kuwauzia wapita njia kwenye nyumba za wageni.

Asubuhi moja aliniongezea karatasi iliyokunjwa peke yake.

"Hii si ya kuuza, binti yangu. Mpelekee dada yangu, Bi Mwanahawa, anayepika pale stendi."

"Ndiyo, mzee." Sikuuliza neno. Na kuuliza si ujinga, mwanangu.

Siku hiyo tembo hawakununuliwa. Jua kali, miguu inawaka. Mgeni mmoja akaifungua ile karatasi. Haikuwa na mnyama wala mti: wino mweusi umetanda, ukafifia kuwa kijivu, kisha ufa mwembamba mweupe. Akauliza maana yake. Nami, nisiyejua, nikajibu bila haya, "Ni moshi, mbuga ikiungua." Akafurahi, akainunua. Nikajiambia mzee atachora nyingine. Wino si upo?

Jioni nilimwamkia Mzee Kibwana, akaitikia marahaba, nikamsimulia huku natabasamu. Hakunifokea. Alinitazama mpaka tabasamu langu likaniaibisha.

"Tulipomzika mwanangu Idi," akasema, "mvua ilikata barabara, dada yangu hakufika. Naye ndiye aliyemlea. Kila tukionana ananiuliza siku ile ilikuwaje, mdomo wangu unakataa. Kaburini sikuweza kutazama chini. Nikatazama juu. Nilichokiona ndicho nilichochora."

"Na ule weupe, mzee?"

"Mawingu yalipasuka tulipomaliza kufukia. Nilikasirika. Niliona mbingu imeharakisha kung'aa."

Nilimwomba achore tena. Alijaribu siku tatu, akaweka kalamu chini. "Nenda kamwambie mwenyewe, kwa mdomo."

Nikaenda. Bi Mwanahawa alinisikiliza amesimama, mwiko mkononi, ugali unaungua.

"Kumbe alitazama juu," akasema. "Waliniambia hakulia. Miaka yote nimedhani hakuumia."

Akaniomba nimweleze ile picha ilivyokuwa. Nikaeleza. Akaniomba tena. Lakini macho yangu yalikuwa yameitazama kama bidhaa tu, mwanangu. Sikukumbuka hata ule ufa ulikuwa upande gani.

Niliomba radhi kwa wote wawili, wakanisamehe. Picha haikurudi.

Basi nisikilize, maana sauti yangu nayo imechoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Usiseme maana ya jambo la mwenzio kabla hujamuuliza, na ukikosa wa kumuuliza, nyamaza. Ukikabidhiwa amana, ifikishe kwanza, kabla njaa na uchovu havijaanza kukushauri. Na kitu kikipita mikononi mwako, kitazame vizuri, huenda mtu akaja kukuomba umsimulie.

Mungu akupe macho yasiyo na haraka, mwanangu, na ulimi unaojua kungoja. Uishi uwazike wazee wako, wala usimzike mwanao. Amina.