Sheria ya Lambo na Saa ya Kunywesha

Mwanangu Zaituni, ipo siku moja ya kiangazi ambayo mpaka leo haijanitoka. Nimeona bora niiandike kabla haijachanganyika kichwani na siku nyingine. Shule yangu iliishia darasa la saba, na baba yako husema naongeza chumvi, kwa hiyo nitajitahidi kusema niliyoyaona tu. Pale nisipokuwa na hakika nitakwambia.

Wakati ule tulikuwa tunaishi Misima, upande wa tambarare. Biashara ya mahindi ilikuwa imefunguliwa. Hatukulazimika tena kuuza kwa ushirika. Malori yalitoka Korogwe yakaja kununua mpaka shambani kwako. Watu tukaingiwa na tamaa, mimi na baba yako tukiwemo, tukasogeza mashamba mpaka karibu na lambo. Sasa lambo lile ndilo lilikuwa maji yetu ya kunywa, na ndilo lilikuwa maji ya ng'ombe wa Wamasai waliokaa ng'ambo ya pili. Ng'ombe wakija kunywa, wanapita juu ya mahindi. Wakifika, wanaingia majini wazima wazima, wanayatia matope na mavi, nasi tunachota hapo hapo. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Uliharisha mpaka macho yakazama, nikadhani nimeshakupoteza. Kwa hiyo usije ukadhani sisi tulikuwa watu wabaya. Wala wao hawakuwa wabaya. Hawakuwa na maji mengine.

Mwenyekiti wa kijiji akabandika tangazo mlangoni pa ofisi: mkutano mkuu, wananchi wote waje kutunga sheria ndogo ya lambo. Alilibandika mapema, nisimsingizie, na halikufichwa. Siku yenyewe ilipofika tukakusanyika jua likiwa utosini, saa ambayo wakulima tunatoka shambani. Habari za vyama vingi zilikuwa bado ngeni, kila mtu anataka naye asikike. Tulijiona wakubwa siku ile, maana sheria haikushuka kutoka wilayani. Tunaitunga wenyewe, kwa midomo yetu.

Tukakubaliana hivi: ng'ombe asikanyage lambo. Akikutwa akamatwe, na mwenyewe atozwe dume mmoja.

"Wenzetu wafugaji wanasemaje?" mwenyekiti akauliza.

Watu wakageuka kutazama nyuma.

"Hawajaja," akasema mtu wa mbele.

"Tangazo si lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

Mbwana, jirani yetu ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akadakia: "Labda wamemtuma ng'ombe aje asome, amepotea njia!"

Tukacheka. Nami nilicheka. Tukaambiwa tuinue mikono, nikainua wangu, na niliuinua kwa moyo kabisa. Haukuonekana hata mkono mmoja wa kupinga. Mwenyekiti akasema hilo ni jambo la kujivunia, kijiji kizima kuwa na kauli moja. Halafu akataja mgambo watakaoanza kulinda lambo kesho yake, na wa kwanza kutajwa akawa Athumani. Baba yako. Hapo kicheko kikanikauka.

Nasikia sheria za namna ile zilipaswa kwanza zipelekwe halmashauri zikaidhinishwe. Mambo hayo siyajui vizuri. Najua tu kwamba sisi hatukungoja.

Jioni nilimkuta baba yako anapitisha panga kwenye jiwe.

"Baba Zaituni, sema unaumwa."

"Niumwe leo, na mchana nimeinua mkono mbele ya watu? Watasema nimeogopa."

"Kwani huogopi?"

Akaendelea kunoa. Kila mtu alikuwa amesikia habari za kwingine, mkulima na mfugaji walipokutana kwenye maji na baadhi hawakurudi kwao.

Kesho yake wanawake tulikwenda kuchota maji mchana, saa ambayo si ya kuchota. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kwa nini. Kila mmoja alikuwa na mtu wake pale. Mgambo walikuwa wamejipanga mbele ya maji na marungu na mapanga. Tukaona vumbi kwanza, kisha tukasikia kengele za ng'ombe. Ng'ombe aliyenusa maji hazuiliki, mwanangu; anakuja tu. Mbele yao morani wakaja mbio na mikuki, wakasimama. Mkuki mmoja ulikuwa karibu na kifua cha baba yako kiasi kwamba, kama si uongo wa macho yangu ya hofu, nilidhani shati limeguswa.

"Tokeni!" yule kijana wa mkuki akasema.

"Sheria imepita jana," Athumani akamwambia. Sauti yake sikuitambua.

"Sheria gani? Jana tulikuwa hapa hapa! Hatukuona mtu!"

Nilikukaza mgongoni nikatafuta njia ya kukimbilia. Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa mtu apige kelele.

Ndipo akaja Mzee Lemayani, laigwanani wao, yaani yule anayewaongoza kwa mila. Alipita katikati ya mikuki na mapanga kana kwamba anapita sokoni, akalaza fimbo yake chini. Akawaambia morani neno kwa Kimasai. Nao wakawageuza ng'ombe, mwanangu. Wakawachapa wale ng'ombe wenye kiu, maji wanayaona, wakawarudisha nyuma. Nilishangaa sana.

"Shikamoo mzee," baba yako akasema. Panga bado analo mkononi.

"Marahaba. Nisomee hiyo sheria."

Akamweleza yote. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Mlikaa saa ngapi?"

"Mchana, mzee. Jua la utosi."

"Kiangazi hiki, jua la utosi, mimi nakuwa wapi?"

Jibu tulikuwa tumesimama juu yake.

"Mnainua mikono juu ya ng'ombe wangu, na mimi niko hapa nawanywesha. Mngepiga mluzi ningesikia."

"Tangazo lilibandikwa ofisini," Mbwana akasema kutoka kwenye mstari wa mgambo, safari hii kwa sauti ndogo.

"Njia yetu haipiti ofisini. Na ingepita, mimi herufi sizijui, na wewe Mbwana unajua sizijui. Kila barua wanayoniletea, wewe ndiye unayenisomea. Sheria yenu siikatai. Hata mimi sipendi kunywa mavi. Lakini mmejihesabu wenyewe mkaona mmetimia."

Mwenyekiti aliitwa, akaja anahema. Nampa haki yake: aliomba radhi mbele ya watu wote, na ng'ombe wakaachiwa kunywa. Mkutano ukarudiwa pale pale lamboni, jioni, ng'ombe wakiwa wameshaingia bomani, na kila neno likasemwa kwa Kiswahili na kwa Kimasai. Ikatoka sheria nyingine: birika la kunyweshea ng'ombe lichimbwe chini ya tuta la lambo, nasi tung'oe mahindi tuwaachie njia. Usidhani tulipendana baada ya hapo. Baba yako na yule kijana wa mkuki hawakuwahi kusalimiana sawasawa. Lakini hakuna aliyezikwa.

Sasa wewe umewekwa kwenye kamati hapo Korogwe. Mnataka wananchi watunge sheria za soko na stendi kwa simu zao, na hesabu za halmashauri ziwekwe mtandaoni kila mtu azione. Ni kazi nzuri, sikatai, ingawa mimi simu yenyewe naijua ya kupiga na kupokea. Ila uliniambia, "Mama, kila kitu kiko wazi, asiyeshiriki shauri yake." Usiku huo sikulala.

Nisikilize, mwanangu. Kabla hujahesabu waliokubali, uliza nani hayupo, na saa hiyo yuko wapi, anafanya nini. Mama ntilie ana moto jikoni. Mfugaji anayeuza ng'ombe sokoni kwenu yuko porini, mahali simu haishiki. Usimwambie mlango uko wazi. Mfuate alipo, msomee zile hesabu kwa lugha anayoielewa, umsubiri ajibu. Na siku ukiona wote wamekubali, hakuna hata mmoja aliyebisha, usishangilie. Ogopa kwanza.

Mungu akupe miguu isiyochoka kumfuata aliye mbali, akuepushe na damu ya mtu yeyote, mkulima au mfugaji, na kila sheria utakayoshiriki kuitunga, yule atakayebanwa nayo awe naye alisema neno lake.