Jina la Mama Redioni

Betri za redio zikianikwa juani zina harufu yake, ya chuma kilichopata moto na kitu kichachu kidogo, na kwa miaka mingi nilidhani hiyo ndiyo harufu ya Jumamosi. Mama alizianika kwenye ungo, pembeni ya ulezi, ili zijikongoje mpaka kipindi cha salamu kiishe. Tuliishi Kondoa mjini, nyuma ya msikiti, na miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara, ndiyo kwanza redio za watu binafsi zilianza kusikika kwetu, kwa mikwaruzo mingi. Najua leo wapo wanaocheka wakisikia habari za kadi za salamu. Wacheke. Ulinunua kadi dukani, ukaandika jina lako na mahali ulipo, majina ya unaowasalimu, na mwisho ujumbe wako kwa ufupi. Ukaituma kwa posta, kisha ukakaa na redio yako kusubiri mtangazaji aisome. Mama yangu, fundi cherehani aliyeishia darasa la saba, alisomwa karibu kila Jumamosi. Hadija Ramadhani Swalehe, wa Kondoa. Majina yake yote, kama alivyotoka nayo kwa baba yake. Wenzake wengi walijipa majina ya mbwembwe. Yeye alisema hana la kuficha, sasa ajifiche ya nini.

Shida ilianzia kwa Baba Mkubwa Shabani, kaka yake baba, mwenye duka la nafaka na mwenye Land Rover ambayo baba aliiendesha kupeleka karanga Dodoma. Alisema mke wa mtu hawezi kuitwa redioni nchi nzima ikisikia, akisalimiana na wanaume wa Singida na Kibaigwa asiowajua hata kwa sura. Mwanzo alilisema kwa utani, baadaye kwa hasira, na mwishowe alimwita baba dukani akamwambia achague: ama kadi zikome, ama gari lirudi kwa mwenyewe. Wiki hiyohiyo ukaja mwaliko. Watuma salamu wa kanda ya kati wangekutana Dodoma, katika ukumbi wa shule moja huko Miyuji, wafahamiane kwa sura na kuunda chama chao. Baba hakujibu kitu, si kwa kaka yake wala kwa mama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sisi watoto tulikiogopa kimya chake kwa sababu hatukujua kinaelekea wapi. Siku ya safari tuliamka tukamkuta uani anajaza maji kwenye rejeta. Magunia ya karanga yalikuwa yameshapakiwa, na juu yake alikuwa ametandika godoro letu, mimi na mdogo wangu Saidi tukalie. Alimwambia mama avae lile gauni la Idi.

Baba Mkubwa alikuja kutoka kuswali alfajiri, akasimama mbele ya gari na kanzu yake. Bibi, aliyewazaa wote wawili, alikuwa ameshaketi kiti cha mbele na kikapu chake mapajani, na Baba Mkubwa akamwuliza kama yeye naye yumo katika mambo hayo.

"Nakwenda kuwaona hao wanaomsalimia mkwe wangu," bibi alisema. "Hebu sogea, mwanangu, jua linatoka."

Akasogea. Njia nzima tulimeza vumbi jekundu, Chemba, Haneti, mpaka nyusi zetu zikawa za wazee. Kwenye mto mmoja mkavu matairi yalizama mchangani, tukashuka wote isipokuwa bibi, na vijana wa Kigogo waliokuwa wakinywesha ng'ombe kwenye visima vya mchangani wakaja kutusaidia kusukuma. Mama alisukuma akiwa na gauni lake la Idi, akicheka, vumbi limemjaa kifuani. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo nyumbani. Tulipofika Makutupora baba alitununulia zabibu, tukazila na vumbi lake, na aliporudi kwenye usukani alianza kupiga mluzi. Nilifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja, maana nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa kwamba hii inaweza kuwa safari ya mwisho ya gari lile nasi.

Ukumbini watu waliojuana kwa majina tu miaka na miaka walikuwa wakikumbatiana. Simba wa Manyoni, ambaye kwa jina lake tulimtarajia pande la mtu, alikuwa kibabu mwembamba mwenye kikohozi, anauza miwa. Kila mtu alipanda jukwaani akataja jina lake na mahali anapotoka, na mama alipotaja lake ukumbi mzima ulisimama kwa makofi. Wanawake walimshika mikono wakimwambia kumbe ndiye wewe, kumbe ndiye wewe. Bibi alijikohoza, akatengeneza ushungi wake, akaanza kuwaeleza waliokuwa jirani yake kwamba yule ni mkwe wake, na kwamba nguo alizovaa bibi zimeshonwa na mikono ileile.

Baada ya pilau, mwenyekiti, bwana mmoja mwenye suti ya kaki, alisema chama kinataka heshima. Kulikuwa na waume waliolalamika. Kwa hiyo alipendekeza mwanamke aliyeolewa atume salamu kwa jina la mumewe: Mke wa Fulani, basi. Wengi walipiga makofi, wakiwemo wale waliokuwa wamemshika mama mikono, na hilo liliniuma kuliko pendekezo lenyewe. Kisha akamwona baba karibu na mlango, akamwomba kwa upole awe mfano, aseme mbele ya wote kwamba mke wake aliyeshangiliwa sana atakuwa wa kwanza. Baba aliinuka taratibu. Nilitazama funguo za gari mkononi mwake.

"Jina alikuja nalo," alisema. "Sikumpa mimi. Muulizeni mwenyewe."

Akaketi. Mama alisimama, na mwanzoni sauti ilimtetemeka. Alisema kama chama hakilitaki jina lake kimfute, lakini yeye hatatuma kadi kwa jina la mtu mwingine, hata mtu huyo awe mume anayempenda. Bibi peke yake ndiye aliyecheka. Mikono ikanyooshwa, tukashindwa vibaya, na jina la mama likafutwa palepale kabla soda hazijagawiwa. Tulitoka tumenyoosha shingo, na Saidi akilia kwa ajili ya soda.

Baba hakusubiri kudaiwa. Tuliporudi Kondoa aliliegesha gari mbele ya duka la kaka yake, akaweka funguo juu ya mizani, akarudi nyumbani kwa miguu. Akawa dereva wa lori la mtu mwingine, anabeba mahindi ya Kibaigwa, anaonekana nyumbani kama mgeni. Sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mama alishona mpaka macho yakawa mekundu, na Saidi alivaa viatu vyangu vilivyochakaa. Lakini kadi alituma, maana redio haikuwa mali ya chama. Siku iliposomwa nilikuwa nimetumwa chumvi kwa Baba Mkubwa, na redio yake ilikuwa wazi. Mtangazaji alisema Hadija Ramadhani Swalehe wa Kondoa anamsalimu kwanza shemeji yake Shabani, popote alipo dukani kwake, kisha mwenyekiti wa watuma salamu Dodoma, na ujumbe wake ni kwamba yeye ni mzima na jina lake ni lilelile. Wateja walitazama chini. Baba Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, mkono umesimama kwenye kopo la chumvi. Akanipimia, akafunga karatasi vizuri.

"Mwambie mama yako nimezipokea," alisema. "Naye namsalimu."

Salamu alirudisha. Gari hakurudisha.

Siku hizi Kondoa hadi Dodoma ni lami tupu, na mimi naandika blogu. Mwaka jana tuliitwa kwenye mkutano wa wanablogu, hoteli ya viyoyozi, hapohapo Dodoma. Ninachoandika kinasomwa kabla chai yangu haijapoa, na matusi nayo yanafika kabla haijapoa. Kijana mmoja aliyetufundisha, mwenye nia njema kabisa, alitushauri wanawake tutumie majina ya bandia, kwa usalama wetu. Nilimwuliza kama wanaume nao amewashauri hivyo. Akasema wao watajiamulia. Mashine zimebadilika, ushauri umebaki palepale alipouacha yule bwana wa suti ya kaki, nami nilimwambia hivyo mbele ya watu wote, na sauti ilinitetemeka mwanzoni. Mama bado yupo Kondoa. Macho yameisha kwa cherehani, skrini haioni, kwa hiyo kila ninapochapisha kitu nampigia simu nimsomee. Kabla sijaanza huniuliza kama nimeweka jina lote. Namwambia nimeweka. Ndipo huniambia haya, soma.