Bwana Shamba wa Izimbya

Niliporudi kutoka chuo kikuu cha Kampala, nilishuka melini Bukoba nimevaa suti, na kila mtu kijijini kwetu Izimbya akaniona bwana mkubwa. Wapi! Kazi za sisi tuliosoma zilikuwa za kuhesabika: ualimu, ukarani, au kuwa msaidizi wa Mzungu. Mimi niliyesomea kilimo nikapata hiyo ya tatu. Nikavishwa kaptula ya kaki, na ndevu zangu zote hizi, nikawa natembea nyuma ya kijana wa Kiingereza ambaye migomba alianza kuiona mwaka uleule. Nilikereka sana, lakini nyumbani sikusema. Ningewaambia nini?

Wakati huo fukusi walikuwa wanatafuna migomba kuanzia shinani. Dawa nilikuwa naijua: unapasua vipande vya mgomba, unavilaza chini, fukusi wanakusanyika humo, asubuhi unawaokota na kuwaua. Nikamweleza yule kijana. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema hiyo inachukua muda mno, amri ni kung'oa migomba yote ya kila kibanja, yaani shamba la nyumbani, chenye ugonjwa. "Wewe ni msaidizi," akanikumbusha. Ala! Kana kwamba nilikuwa nimesahau.

Zamu ikafika Izimbya. Kibanja cha baba ndicho kilichoharibika kuliko vyote, kwa sababu babu na bibi wamelala katikati yake, na baba hakukubali kamwe jembe liguse migomba ya makaburini. Fukusi wakazaana pale kwa raha zao. Tukaenda, yule kijana, mimi, na vibarua wenye majembe na mapanga.

Baba alitupokea amevaa kanzu safi, hana wasiwasi hata chembe. Kumbe alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani kwamba kibanja chake hakiguswi, Bwana Shamba ni mwanawe. Nao walikuwa wamejipanga uani kushuhudia. Mama akatuletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama wageni wa heri. Niliitafuna huku natamani ardhi inimeze.

Nikamvuta baba kando, nikamweleza tulichokuja kufanya. Uso ukambadilika. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Mwanangu," akasema, "miaka yote ile Kampala, hawakukufundisha namna ya kuuponya mgomba?"

"Walinifundisha, tata."

"Basi uponye."

Yule kijana alikuwa ameshaanza kutazama saa yake. Majirani wote walikuwa wananitazama mimi.

"Hawakuniajiri kuponya," nikasema.

Baba akanitazama kuanzia viatu mpaka ile kaptula. Kisha akasogea pembeni, akawapisha wenye majembe.