Bibi Yake Bunduki

Mhunzi wetu wa Ibaba alikuwa na vidole vitatu mkono wa kulia. Viwili vilikwenda na moshi, na vilivyobaki alivitumia kukuonyesha kila kitu: njia, mvua inakotokea, na namna ya kushika lile bomba lake la chuma lililofungwa kwenye mpini. Halikuwa na kifyatuo. Ulishindilia baruti, ukagusisha kaa la moto kwenye kitundu cha nyuma, yaliyobaki ukamwachia Mungu. Mzee akizikwa, lilipigwa makaburini. Kwanza mhunzi alivua koti, akalikunja taratibu, akampa mkewe Nesta, maana koti lilikuwa moja tu. Kisha alifumba macho na kugeuza uso, na sisi waombolezaji tukalala chini, tuseme kwa heshima ya marehemu.

Siku moja tarishi wa boma alikuja kulichukua lile bomba, eti halina leseni.

"Leseni ni ya bunduki, bwana," mhunzi akasema. "Huu ni mzinga wa mkononi. Watu walipigana nao kabla bunduki haijazaliwa. Ni bibi yake. Nani anamkatia bibi leseni?"

"Bibi au mjukuu, lete hapa."

"Chukua. Ila jana msibani mzinga uligoma kulia, baruti bado imo." Akavua koti, akampa Nesta.

Tarishi alivitazama vile vidole vitatu, akatazama vyake kumi.

"Nitamwambia bwana shauri," alisema akirudi kinyumenyume, "nimekagua kote, na bunduki sikuiona."