Wangari na Nyanya za Kianyaga

Bado mkono unaenda kwa simu nikupigie, Wangari, halafu nakumbuka. Jumanne ya wiki jana tulimaliza shift pamoja, tukaachana pale stage ya matatu ukicheka. Jumatano moyo wako ukasimama. Hivyo tu. Nimekasirika na hata sijui nimkasirikie nani.

Kwa wale hawamjui: Wangari wa Wamagana. Miaka kumi na moja tumefua shuka pamoja kwa laundry ya hoteli hapa Nyeri town.

Lakini wengi wenu mnamjua kwa nyanya. Zile kubwa za pink, moja inajaza viganja viwili, slice moja inafunika mkate. Mbegu alipewa na mama yake huko Kianyaga, na yeye akagawia karibu kila mtu aliyewahi kumwambia good morning.

Broker wa kununua nyanya alizikataa. Ati hazikai vizuri kwa kreti, ati zinapasuka kabla lori ifike Sagana. Wangari akamwambia, "Mimi sikupandia lori, nilipandia watu."

Alikuwa anaanika mbegu kwa dirisha la laundry, juu ya karatasi. Supervisor akabandika memo ukutani: No tomatoes in the laundry. Wangari akaibandua hiyo memo, akaigeuza, akaanikia mbegu juu yake. HR wakatuita sisi wote wawili, na mimi sikuwa nimefanya kitu!

Alikuwa na sheria moja. Ile nyanya kubwa na safi kuliko zote hailiwi, hiyo ni ya mbegu. Mwaka wangu wa kwanza mimi niliikata kachumbari. Wueh! Siku tatu hakuniongelesha. Siku ya nne akanitupia mbegu zingine kwa locker, bila hata salamu.

Kuna siku akigawa mbegu sokoni, bwana mmoja wa serikali alikuja na file, akamwambia kugawa mbegu bila certificate ni makosa, anaweza kushikwa. Wangari akamuuliza, "Na nikipea jirani chumvi, pia utaniandikia?" Kisha akamnyooshea pakiti moja ya mbegu. Bwana aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaitia kwa mfuko wa koti.

Sasa sikizeni, kwa sababu hii ndiyo imefanya niandike.

Msimu huu mvua ilileta blight, ule ugonjwa wa kuozesha nyanya. Zangu zilioza zote. Za majirani pia. Tulipigiana simu wote aliotupea, na hakuna hata mmoja alikuwa amebaki na mbegu. Wangari aliokoa matunda matatu tu. Akakamulia mbegu zake kwa vikombe, akaziacha dirishani kwake zichachuke mpaka ule utelezi utoke. Zinanuka, ndiyo. Ndivyo hufanywa. Akafariki vikombe vikiwa hapo.

Ijumaa akina mama wa kanisa wakaja kusafisha nyumba kabla ya waombolezaji. Mungu awabariki, walisafisha kila kitu. Na vikombe wakamwaga.

"Zilikuwa zimeoza, mami," akaniambia Mama Ruth, kiongozi wao.

Nilikaa chini kwa veranda nikalia kuliko nilivyolia mochari. Haki ya Mungu. Niliona kama amekufa mara ya pili.

Nikiwa hapo nikasikia nduru kutoka chumba cha kulala. Mama Ruth akatoka mbio, leso imeanguka. Chini ya kitanda walikuwa wamepata mkebe wa majani ya chai, umefungwa kwa tepu, na kwa mwandiko wa Wangari umeandikwa: NYANYA KWA MAJIVU. USIFUNGUE.

"Kumbe nyanya ni shosho wao, walimchoma!" akasema. "Na wakamweka kwa mkebe!"

Mnajua vile sisi tuko. Mtu wetu anazikwa, hachomwi. Mzee wa kanisa alikuwa ameshaitwa aombee chumba, na hakuna mama hata mmoja alikubali kuugusa huo mkebe, sembuse kuutupa.

Niliingia nikautoa, nikafungua mbele yao. Mmoja akafunika macho. Majivu ya jiko, yale ya kuzuia wadudu, na ndani ya majivu, mbegu. Nyanya! Nyanya za kukula, jamani! Nilicheka ndani ya nyumba ya matanga mpaka mzee wa kanisa akaweka Biblia kando, akacheka pia.

Shida ni kwamba mkebe hauna tarehe. Ndiritu, mume wake, akaniambia pole pole, "Hiyo ni ya kitambo sana. Nafikiri zimekufa." Nikachukua kumi, nikapanda kwa sufuria kuukuu karibu na jiko langu.

Jana kwa kamati ya mazishi mtu akasema nisigawe mbegu kesho tukimzika, ati si heshima, ati tutajiletea shida. Nimesikia. Kesho tukishamaliza kuweka mchanga, nitakuwa kwa gate na mkebe. Kuja na karatasi yako ya kufungia mbegu. Mwenye kunishika anishike, nitakuwa nimevaa vizuri. Na usiniombe nyingi, utapata tano kama kila mtu, na ile nyanya kubwa usiikule!

Lakini wacha niseme ukweli. Wakati naongea hivyo kwa kamati nilikuwa naogopa. Siku tano nimekuwa nikiinama juu ya hiyo sufuria na ni udongo tu. Jana usiku nilikutukana, Wangari. Nilikuuliza ni mtu gani anaandika "usifungue" na haandiki mwaka. Nilikuwa natayarisha vile nitasimama mbele ya watu nikiwagawia majivu.

Leo ni siku ya sita. Nimetoka kuangalia saa hii, chai ikiwa mkononi, na nikaimwaga yote kwa gumboots.

Ziko tisa. Tisa kwa kumi, shingo bado zimepinda, zinasukuma udongo.

Lala sasa, mami. Zimeota.