Mashua Yetu Kwenye Kizuizi cha Nakivubo

Jamani, leo mwanajeshi kaniuliza swali, na mpaka sasa kichwa kinazunguka.

Mimi na shemeji tulikuwa tunavuta mashua ndogo ya tanga kwa gari, tunaipeleka ziwani.
Mlingoti tumeulaza juu.
Pale kizuizini Nakivubo wanajeshi wakadhani ni mzinga wa vita!

"Ni mlingoti, afande. Unalazwa na kusimamishwa."
"Simamisha!"

Tukausimamisha katikati ya barabara. Watu wa soko la jirani wakaacha kuuza, wakatutazama.

Koplo wao akaingia ndani ya mashua, akakuta jiko na vitanda viwili. Akakaa humo weee.

Akatoka, akaninong'oneza: "Hii inaweza fika Kenya?"

Ananitega aseme natoroka nchi, au anataka kupanda atoroke yeye?
Nikasema sijui, afande.

"Lakini kitanda iko mbili," akasema, akatufungulia njia.

Sasa niambieni: leo nilale nyumbani, au nisilale, wasije wakanichukua usiku?